Moyo wa Mchezaji Haupimwi Mara Moja

Ndugu viongozi wa klabu, makocha, madaktari wenzangu, na nyinyi wachezaji mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kufika.

Kila dirisha la usajili likifunguliwa tunasikia habari ileile: mchezaji amefuzu vipimo vya afya, amepewa jezi, amepigwa picha. Majibu yanaingia kwenye faili, faili linaingia kabatini, na hakuna anayeligusa tena mpaka siku ya kuuzwa. Kwa moyo, desturi hii ni ya hatari.

Tazameni Uingereza. Kati ya 1996 na 2016 chama cha soka cha huko kilipima mioyo ya vijana 11,168 wa akademi, wengi wao wakiwa na miaka 16 na 17. Walihojiwa, wakachunguzwa na daktari, wakapimwa umeme wa moyo, yaani ECG, kisha wakafanyiwa ultrasaundi ya moyo. Vijana 42 walikutwa na maradhi yanayoweza kuua ghafla. Nikiisoma namba hiyo nafarijika, maana hao ni watoto wa watu waliowahiwa. Lakini miaka iliyofuata, vijana wanane wa kundi lile walikufa kwa maradhi ya moyo, na sita kati yao walikuwa wameambiwa kwamba ni wazima. Kwa wastani kifo kilikuja karibu miaka saba baada ya kipimo.

Mngeweza kusema kipimo hakina maana. Sikubaliani. Maradhi mengi ya misuli ya moyo ni ya kurithi: mtu huzaliwa na kasoro kwenye jeni, na moyo wenyewe usionyeshe chochote utotoni. Ukuta wake huanza kunenepa kupita kiasi wakati wa balehe, na wengine hadi miaka ya ishirini. Ukimpima mchezaji ana miaka 16, ukamwacha mpaka ana 24, umepima moyo mmoja na unachezesha mwingine.

Italia wao walitunga sheria mwaka 1982: mwanamichezo wa mashindano hachezi bila cheti cha daktari, na cheti hicho huhuishwa kila mwaka, ECG ikiwemo. Katika jimbo la Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kabla ya sheria, hadi 0.4 kufikia 2004. Wapo wataalamu wanaobisha kwamba sheria peke yake haielezi anguko lote hilo, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, utaratibu wa kurudia ndio ninaoutaka.

Sasa niseme na madaktari, na hapa nitakawia kidogo. Mazoezi makali hubadilisha moyo. Hupiga polepole, vyumba vyake hupanuka, kuta zake huongezeka unene. Kwa wachezaji weusi mabadiliko haya huwa makubwa zaidi. Ukuta wa milimita 13 hadi 15, ambao kwa mtu mwingine ungeshtua, unaweza kuwa moyo wa kawaida wa mwanamichezo. Kwenye ECG, wimbi la T, yaani lile la mwisho katika kila pigo, likipinduka kuanzia V1 hadi V4 (V1 hadi V6 ni vituo vya kupimia vinavyobandikwa kifuani), likitanguliwa na mstari wa ST, ule ulio kabla yake, ulioinuka kwa mbinuko, mwongozo wa kimataifa wa 2017 wa kusoma ECG za wanamichezo unalihesabu kuwa la kawaida kwa mchezaji mweusi asiye na dalili wala historia ya maradhi ya moyo katika familia. Daktari asiyejua hili atamfungia kijana mzima njia ya riziki yake. Lakini wimbi hilohilo likipinduka kwenye V5 na V6, msilipuuze kwa mtu wa rangi yoyote: hapo ni ultrasaundi, na MRI ya moyo, yaani picha ya sumaku, na kumfuatilia hata kama picha zimetoka safi.

Wachezaji, yapo mambo ambayo mashine haiyajui mpaka mseme nyinyi. Kuzimia katikati ya mazoezi. Maumivu ya kifua ukikimbia. Mapigo kwenda mbio bila sababu. Ndugu wa damu aliyekufa ghafla kijana. Najua kwa nini mnaficha: mnaogopa mkataba kuvunjwa. Viongozi, hofu hiyo mtaiondoa nyinyi. Andikeni kwenye mkataba kwamba mchezaji atakayekutwa na tatizo ataendelea kulipwa wakati wa uchunguzi na matibabu, na kwamba majibu ni siri yake.

Kupatikana na tatizo si lazima iwe mwisho wa soka. Nwankwo Kanu wa Nigeria alipohamia Inter Milan mwaka 1996, akitoka kuchukua dhahabu ya Olimpiki, vipimo vilionyesha kasoro kwenye valvu ya moyo. Alifanyiwa upasuaji Marekani, akarudi uwanjani, akachezea Arsenal kwa miaka. Wapo wengine walioshauriwa kuacha na ushauri ulikuwa sahihi. Raphael Dwamena wa Ghana aliwekewa kifaa cha kushtua moyo kifuani, baadaye kikaondolewa, akaendelea kucheza. Alianguka na kufa uwanjani Albania, Novemba 2023.

Na hata mkipima kila mwaka, wapo watakaopita katikati ya vidole vyetu. Christian Eriksen wa Denmark alipimwa mara kwa mara enzi zake Tottenham na hakuna kilichoonekana. Juni 2021 moyo wake ulisimama uwanjani Copenhagen. Alipona kwa sababu walimbonyeza kifua papo hapo na mashine ya kushtua moyo ilikuwa jirani. Kila dakika inayopita bila mashine hiyo hukata nafasi ya kuishi kwa asilimia 7 hadi 10.

Kwa hiyo kabla ya mechi ijayo, daktari wa timu aonyeshwe mashine iko wapi, aiwashe, aone betri, ajue nani ataikimbilia. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, haitiki, hata kama anatetemeka au anakoroma kama anayevuta pumzi, hesabuni kwamba moyo umesimama. Msingoje mwamuzi. Ingieni.

Tuanze na maswali ya madaktari wa timu.