Upepo Ukilala Kwenye Polda: Hewa ya Nieuwerkerk aan den IJssel

RUKIA: Haya, karibuni. Leo tumeshuka chini kabisa ya Uholanzi, Nieuwerkerk aan den IJssel, mji ulio kati ya Rotterdam na Gouda. Pembeni yake, karibu na barabara kuu ya A20, ndipo palipo chini kuliko kote nchini: mita 6.76 chini ya usawa wa bahari. Kaka Baraka, tuanze na linalowatatiza wengi tuliohamia huku. Siku ya Januari imetakata, anga buluu, hakuna hata tone la mvua, lakini jioni ukitoka nje koo linawasha. Kulikoni?

BARAKA: Upepo umelala, dada. Huku msafishaji mkuu wa hewa ni upepo. Ukivuma kutoka kusini-magharibi, umetoka baharini. Hata kama mvua inakupiga usoni, hiyo ni hewa safi, ivute. Ukigeuka ukatoka mashariki, umepita kwanza Ujerumani, kwenye viwanda na miji ya Ruhr. Na ukitulia kabisa usiku usio na mawingu, ardhi inapoteza joto haraka, hewa iliyoigusa inapoa, inakuwa nzito, inatuama kwenye polda, yaani ardhi ya chini iliyokaushwa maji na kuzungushiwa tuta, kama maji kwenye sahani. Juu yake imekaa hewa yenye joto zaidi. Ni sufuria iliyofunikwa.

RUKIA: Na moshi wa majiko ya kuni?

BARAKA: Simama nje saa 12 jioni utazame bomba la moshi la jirani. Siku ya upepo moshi unachanika na kupotea. Siku ya mfuniko unapanda mita chache, unasita, halafu unajikunja na kulala juu ya mapaa kama shuka. Ukiuona hivyo huhitaji kipimo.

RUKIA: Lakini mchana jua linatoka. Halifungui hicho kifuniko?

BARAKA: Mwishoni mwa Desemba jua la mchana linapanda nyuzi 14 hivi tu juu ya upeo wa macho. Haliipashi ardhi joto la kutosha, na ukungu ukiwepo ndiyo kabisa. Hali hiyo inaweza kukaa siku mbili tatu. Hapo ndipo RIVM, taasisi ya taifa ya afya ya jamii na mazingira, hutoa Stookalert: ombi la kutowasha kuni. Wana pia Stookwijzer, unaweka msimbo wa posta wako inakupa rangi: njano, chungwa au nyekundu. Kijani haimo, kwa sababu moshi wa kuni una madhara hata siku nzuri. Nawaunga mkono kabisa. Mwenye pumu anayeishi nyumba ya pili hana pa kukimbilia.

RUKIA: Tuje kwenye namba. Vipimo rasmi viko wazi kwa kila mtu kwenye Luchtmeetnet, tovuti ya vipimo vya hewa ya Uholanzi. Msikilizaji atazame nini?

BARAKA: Majira ya baridi atazame PM2.5, yaani chembe laini zinazofika ndani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, na wa mwaka usizidi 5. Kwa hiyo asitishwe na saa moja iliyoruka, atazame siku nzima. Na PM10, inayojumlisha pia chembe kubwa zaidi, ikipanda siku ya dhoruba, mara nyingi sehemu yake ni chumvi ya bahari tu.

RUKIA: Wapo walionunua vipimo vidogo wakavitundika balconi.

BARAKA: Vina faida, na RIVM hukusanya takwimu zake kupitia mradi wa Samen Meten. Ila kuna mtego mmoja, na kwenye polda unanasa wengi. Kipimo hicho kinapiga mwanga wa leza hewani na kusoma unavyotawanyika. Unyevu ukipita asilimia 85 hivi, chembe zinanyonya maji na kuvimba, na kipimo kinahesabu maji kama uchafu. Asubuhi za vuli, mifereji bado ina joto kuliko hewa, ukungu unaamka kutoka majini, na namba zinapaa bila moshi wowote. Vituo rasmi huondoa unyevu kwanza. Kwa hiyo soma PM2.5 pamoja na unyevu. Kitundike mita 1.5 hadi 4 kutoka ardhini, kivulini, mbali na tundu la kutolea hewa ya jikoni na bomba la boila.

RUKIA: Watu wengi wakiona ukungu wanafunga madirisha, wanasema unyevu utaingia ndani.

BARAKA: Hapo ndipo kuvu inapozaliwa kwenye pembe za chumba! Sikiliza hesabu. Hewa ya nyuzi 2, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 95, imebeba gramu 5 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka hadi asilimia 30 hivi. Kwa hiyo hewa ya ukungu inaikausha nyumba. Kinacholowesha nyumba ni kuoga, kupika, na nguo za mashine moja zilizoanikwa sebuleni, ambazo hutoa lita 2 hivi za maji. Fungua madirisha ya pande mbili dakika 10, mchana, kabla majiko ya jirani hayajawashwa.

RUKIA: Na jioni moshi ukishaingia?

BARAKA: Kama nyumba ina mashine inayoingiza hewa kupitia kichujio, iteremshe hadi namba 1, usiizime. Kichujio cha kawaida kinazuia vumbi kubwa na wadudu. Cha chembe laini ni daraja la F7. Kibadilishe kila miezi 6, na hakikisha kimekaa sawasawa, kwani pengo dogo ukingoni linapitisha hewa chafu bila kuchujwa. Kama nyumba inategemea matundu ya juu ya madirisha, funga yale ya upande wa moshi kwa saa mbili tatu. Lakini nyumba ya zamani yenye hita ya gesi ya kupashia maji isiyo na bomba la nje, usiyafunge kamwe. Monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, inaua kimya kimya.

RUKIA: Masika ya huku je? Machi hewa inanuka samadi.

BARAKA: Samadi ya majimaji inaingizwa mashambani, gesi ya amonia inapanda, inakutana na oksidi za nitrojeni za magari, zinazaa chembe za amonia naitreti. Siku kavu za upepo wa mashariki, ukungu mweupe mkavu unaouona ndio huo. Asubuhi ni mbaya zaidi. Joto likipanda, chembe hizo zinarudi kuwa gesi.

RUKIA: Kiangazi?

BARAKA: Ozoni, gesi inayowasha mapafu. Inajengwa na jua, inafika kileleni alasiri hadi jioni. Wastani wa saa moja ukipita mikrogramu 180 kwa mita ya ujazo, umma hutangaziwa. Kichujio cha vumbi hakiizuii. Kimbia asubuhi.

RUKIA: Na mkesha wa Mwaka Mpya?

BARAKA: Fataki pamoja na upepo uliolala ndiyo saa chafu kuliko zote za mwaka. Saa 5 na nusu usiku funga matundu, mashine namba 1, nguo zitoke kambani. Asubuhi tazama majani na vijitawi vya miti: vikianza kutikisika bila kusita, upepo umefika nguvu ya 3 kwenye kipimo cha Beaufort. Fungua nyumba yote.