Neno la Mwisho ni la Aliyekaa

(Mhadhara kwa wapenzi wa maigizo, Arusha, kabla ya msimu kuanza)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Machalii mliosimama mlangoni, viti vya mbele vipo na haviumi, karibuni.

Nimeombwa nieleze msimu wetu wa maonyesho, kuanzia Julai hadi Desemba. Ratiba imebandikwa pale ukutani, sitaisoma. Nataka nieleze kwa nini mkija Julai hamtakuta viti vimepangwa mistari kama leo. Mtavikuta vimezunguka duara, na waigizaji wako katikati yenu. Sababu yake inanihusu mimi, wala si ya kujisifia.

Miaka kadhaa iliyopita tulikodi ukumbi hapa hapa mjini, tukacheza mchezo wa baba anayemlazimisha binti yake aolewe. Ikafika mahali baba anamnyanyulia mtoto mkono. Mama mmoja safu ya tatu akasimama: "Hebu mguse uone!" Watu wakaangua kicheko, na mwigizaji wangu akasahau maneno yake. Mimi nilikuwa pembeni na mswada mkononi. Nikachukua kipaza sauti nikasema, "Tunaomba utulivu, wasanii wako kazini." Yule mama akakaa. Baada ya muda akajifunga kanga yake vizuri akatoka, na wale aliokuja nao wakamfuata mmoja mmoja. Tukamaliza onyesho katika ule utulivu niliouomba. Nimewahi kukaa misibani palipochangamka kuliko pale.

Nimejiuliza sana ule utulivu niliutoa wapi. Nyumbani sikufundishwa. Bibi akisema "Paukwa!" na sisi tusijibu "Pakawa!", hadithi haiendelei, tunakwenda kulala. Waarusha na Wamaasai wanajua: olaranyani, yule mwongoza wimbo, akitoa wimbo na kundi lisipomwitikia, wimbo haupo, kuna mtu mmoja tu anapiga kelele. Kanisani tunaitikia mapambio, kwenye mpira tunamfundisha kocha kazi. Utulivu wa ukumbini niliupata shuleni, pamoja na jukwaa la juu, pazia, na kuzima taa ili mtazamaji asionekane. Kilikuwa kitu cha kuazima, nami nikakilinda kama cha ukoo.

Na hapo uwanjani mnakokwenda kushangilia, jina lililoandikwa getini ni la nani? Sheikh Amri Abeid alikuwa waziri, ndiyo, lakini alikuwa mshairi pia. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake, kilitoka mwaka 1954. Na washairi wa enzi zile walikuwa wanajibizana: huyu anatoa shairi gazetini, yule anamjibu wiki inayofuata kwa vina vile vile, wa tatu anaingilia kati. Mji wenye uwanja uliopewa jina la mtu wa namna hiyo hauna sababu ya kuona haya kwa kujibu.

Sasa mzee mmoja wa hapa akaniambia, mbona kujibizana jukwaani tulikuwa nako, tulikuwa na ngonjera. Ni kweli. Mshairi Mathias Mnyampala alizieneza, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 zikaingia kila shule na kila mkutano. Wengi humu mmezisema mkiwa na kaptura. Lakini zikumbukeni vizuri. Anatoka asiyejua, anauliza. Anatoka anayejua, anamjibu. Wanazungushana beti kadhaa, mwisho asiyejua anasema nimeelewa, nakushukuru. Kila mara! Sijawahi kusikia ngonjera ambamo asiyejua alibaki na swali lake. Yalikuwa mazungumzo ambayo jibu lilifika kabla ya swali.

Mkiniona nazisema ngonjera, jueni najisema na mimi. Kwa miaka mingi tumeishi kwa maigizo ya miradi. Malaria, wiki mbili. Vyoo, wiki mbili. Mikopo, siku tatu. Mdhamini anakuja na ujumbe wake kwenye karatasi, na dakika ya mwisho lazima mhusika mmoja augeukie umati aseme ule ujumbe. Tulikula kwa kazi hiyo, sitaitukana. Ila ni ngonjera ile ile, imevaa fulana ya mradi.

Ndiyo maana naanza na Septemba, nikiruka Julai, kwa sababu mchezo wa Septemba ndio unaoninyima usingizi. Hauna mwisho. Nilipoupeleka kwa mtu mmoja tuliyetaka atudhamini, alinirudishia mswada akidhani kurasa za mwisho zimeanguka njiani.

Ni mchezo wa kihamba, lile shamba la ukoo la Wachaga. Baba amefariki, ameacha shamba la migomba na kahawa, kaka wawili na dada mmoja. Dada ndiye aliyekaa na mzee, akamuuguza, akapalilia. Siku ya kikao cha ukoo, kaka mkubwa anamwambia, wewe ni wa kuolewa, hiki ni kitu cha ukoo. Mchezo unakwenda dakika kama 25, dada anashindwa, anafunga mzigo wake. Tunasimama hapo.

Halafu tunaurudia tangu mwanzo, na safari hii yeyote kati yenu akiona mahali ambapo dada angeweza kufanya jingine, anapiga kelele "Simama!" Waigizaji wanaganda. Unatoka kwenye kiti chako, unavaa kitenge cha dada, unajaribu. Na kaka hatakuhurumia, tumemfanyisha mazoezi ya ukaidi mwezi mzima. Huruhusiwi kuchukua nafasi ya kaka ukamfanya mwema ghafla. Hiyo ni miujiza, na ya miujiza tunawaachia wenye viwanja vyao.

Wengi watakuja na sheria mkononi, na hapo ndipo patakapochemka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 3, inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Dada akiitaja, kaka naye ana yake: Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalowaweka mabinti daraja la tatu la urithi, nyuma ya mtoto wa kiume wa kwanza na ndugu zake wa kiume, na linalomruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza. Karatasi mbili za nchi moja, kila ndugu kashika yake. Ungekuwa wewe ndiye dada, ungeanzia wapi? Kwa mjomba? Kwa mtendaji? Ungekaa tu shambani usitoke? Kwenye mazoezi, binti mmoja alijaribu kunyamaza kimya na kuendelea kumenya ndizi huku kikao kinaendelea. Kaka akachanganyikiwa kuliko alipotajiwa vifungu vyote.

Namna hii ya kucheza ina mwenyewe, sikuibuni mimi. Augusto Boal, mwongozaji wa michezo kutoka Brazil, alikuwa Peru mwaka 1973 kwenye kampeni ya kufundisha watu kusoma. Wakati huo alikuwa anawaruhusu watazamaji watoe mapendekezo, na waigizaji wake wanayacheza. Siku moja wanacheza habari za mke aliyedanganywa na mumewe. Mwanamke mmoja katika watazamaji akapendekeza jambo, waigizaji wakalicheza, akasema siyo hivyo. Wakarudia, akasema siyo. Mwisho Boal akamwambia, basi njoo ucheze mwenyewe. Akapanda, akachukua ufagio, akamtandika yule mwigizaji wa kiume, kisha akamtuma akamletee chakula. Tangu hapo Boal akafungua jukwaa kwa watazamaji.

Mara ya kwanza kusikia kisa hicho nilicheka, halafu nikamkumbuka mama wa safu ya tatu. Boal alimkaribisha wake apande. Mimi wangu nilimwambia akae.

Na tusidhani ni mambo ya Brazil tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji mpaka wanakijiji wenyewe wakachagua tatizo lao na kulicheza kwa ngoma zao. Kazi ya namna hiyo ni polepole, haiingii kwenye ripoti ya siku tatu.

Turudi Julai. Tunafungua na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na Kinjeketile, aliyewapa watu maji ya dawa wakaamini yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Hapa sitawapa kitenge mtu avae. Maneno ya Hussein tutayasema alivyoyaandika, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu hakimiliki ni sheria. Lakini mtakaa duara, na maji yatakaponyunyizwa yatawagusa safu ya kwanza. Wasiopenda kuloa Arusha ya Julai wakae nyuma.

Ugumu wa tamthilia hii ni kwamba kila mmoja humu anajua risasi hazikugeuka maji. Mmejifunza darasani. Kwa hiyo mnakaa mnawatazama watu wanaojipaka matumaini na ninyi mnajua mwisho wao. Kwenye mazoezi, kijana aliyekuja kutufungia taa alishindwa kuvumilia, akasema kwa sauti, "Waambie ukweli basi!" Na mwishoni Kinjeketile anatakiwa akane maji yale, anakataa. Amekosea au amepatia? Onyesho likiisha tutawasha taa zote na hatutaondoka. Saa nzima tumeiacha kwa ajili ya swali hilo, bila profesa mezani.

Novemba ni Nguzo Mama ya Penina Muhando, ambaye ndiye huyo huyo Mlama niliyemtaja. Wanawake wa kijiji wanataka kuisimamisha nguzo, na kila wakikaribia, kila mmoja ana lake. Ina msimulizi na ina nyimbo, hivyo mtaitika mtake msitake. Wanaume msiogope jina. Desemba ni hadithi za watoto, mchana, kabla watu hawajapanda mabasi kwenda kula Krismasi Rombo na Machame.

Kiingilio ni shilingi 3,000, wanafunzi 1,000. Tunaanza saa kumi jioni na saa moja na nusu tumemaliza. Muda huo tumeupanga kwa kufuata daladala. Watu wa Ngaramtoni na Usa River walikuwa wanatoka katikati ya mchezo, nasi tukawa tunasema hawana utamaduni wa maigizo, kumbe wanawahi usafiri. Njooni na sweta, au shuka kabisa. Chai ya tangawizi itakuwepo, inauzwa, msiniulize bei maana si mradi wangu.

Jambo moja linanitatiza bado. Nafasi ya kaka mkubwa, kwenye kihamba, haina mtu wa kudumu. Vijana wanne wameijaribu na wote wamerudisha. Mmoja aliniambia wazi, "Mama, dada yangu anakuja kutazama." Nikamwambia ndiyo maana nakutaka wewe. Hajarudi. Kama kuna anayeweza, usaili ni Jumamosi, humu humu, saa nne asubuhi.

Nilikuwa na mengine ya kusema kuhusu maleba na taa, lakini naona kule nyuma kuna mkono umenyooshwa tangu nilipotaja daraja la tatu, na haujashuka. Mama, samahani kwa kukuchelewesha. Mpelekeeni kipaza sauti.