Kivuli cha Magere, Mkia wa Mbweha

(Mhadhara uliotolewa Jumamosi alasiri katika maktaba moja mjini Kisumu, mbele ya wanafunzi, wazazi na walimu)

Mkutubi wetu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana wa mbele mliokuja na kofia za nyasi ndani ya nyumba, hamjambo. Msizivue. Leo ni siku yenu.

Niliombwa nijibu swali moja tu: kwa nini watu wanapenda kutazama anime, yaani katuni za Kijapani? Mke wangu aliposikia alicheka, akasema, "Baba nanii, mwalimu wa fasihi mzima, unaenda kuhutubia watu juu ya katuni?" Nikamwambia ndiyo, na nimeahidiwa soda. Naiona pale mezani, inazidi kupata joto.

Niungame kwanza. Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa mke wangu. Kijana wangu alikuwa akikaa na simu usiku, nami nikipita naona watu wenye nywele zilizosimama kama miiba wakipigiana kelele kwa lugha nisiyoijua. Namwambia azime akalale. Kisha siku moja nikawapa kidato cha pili insha: andika kisa cha mtu aliyekosa kitu. Mwanafunzi mmoja mpole, wa kukaa dirishani, akaniandikia kurasa sita juu ya mvulana yatima aliyefungiwa mnyama tumboni. Kijiji kizima kinamkwepa. Siku ya matokeo wenzake wanapokewa na wazazi wao kwa vifijo, yeye amekaa peke yake kwenye bembea, anatazama. Nikampa 17 kwa 20. Nikaisoma mbele ya darasa, nikasifu ubunifu.

Darasa likaangua kicheko. "Mwalimu! Hiyo ni Naruto, mwalimu!"

Nikampunguzia alama tano, na jioni nikamwambia kijana wangu anionyeshe huyo Naruto, kwa ajili ya uchunguzi tu. Uchunguzi uliendelea hadi saa nane usiku.

Kwa wazazi ambao hawajakutana naye: Masashi Kishimoto alianza kumchora Naruto katika manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, mwaka 1999. Runinga ikamchukua 2002. Wazazi wake walikufa siku aliyozaliwa, siku ambayo mbweha mwenye mikia tisa alishambulia kijiji, na mbweha huyo akafungiwa ndani ya mwili wa kitoto kichanga. Mtoto anakua bila kuelezwa kwa nini watu wazima wanamwangalia vile. Shuleni anafeli mtihani wa mwisho mara tatu. Na anafeli nini? Anafeli kujigawa, kutengeneza nakala za mwili wake. Baadaye silaha yake kubwa inakuwa hiyo hiyo, kujigawa, ila sasa kwa nakala za kivuli. Walimu wenzangu, mngetunga nyinyi, mngethubutu kumfelisha shujaa wenu mara tatu kabla hadithi haijashika kasi?

Safari yake yote, sehemu ya kwanza na ya pili, ni vipindi 720. Kadiria dakika 22 kwa kipindi, zidisha. Ni saa 264. Siku 11, usiku na mchana, bila kulala wala kwenda msalani. Na One Piece, ambayo shujaa wake huvaa kofia ya nyasi kama hizo zenu, ilianza 1999 na imeshapita vipindi 1000. Sasa tunaambiwa kila siku kwamba vijana wa leo hawana subira, kwamba video ikizidi dakika moja wanaisukuma juu kwa kidole. Basi hawa wanaokaa na mtu mmoja saa 264 ni vijana wa wapi?

Hapo ndipo mimi naona jibu, na nitalizungukia mpaka mnichoke. Watu hawapendi anime kwa sababu ya mapigano. Mapigano ndiyo kelele tunayoisikia sisi tunaopita mlangoni. Aliyekaa ndani anatazama mtu akifundwa.

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, niliyeoa hapa Kano, kwa hiyo shemeji zangu mtanivumilia. Kwetu Agosti ya kila mwaka wa shufwa ni msimu wa kutahiri. Mvulana anavaa njuga, chinyimba, anakimbia kijiji hadi kijiji kuwaalika ndugu. Anaenda kwa mjomba, huko anatukanwa kuwa ni mwoga, arudi nyumbani akanyonye. Alfajiri anapelekwa mtoni, anapakwa tope baridi, anarudishwa uwanjani asimame bila kupepesa jicho. Kisu chenyewe ni cha muda mfupi sana. Lakini kaa na wazee wa rika moja kilabuni miaka 30 baadaye, usikilize wanasimulia nini. Hawasimulii kisu. Wanasimulia zile wiki za kukimbia, nani alianguka, mjomba wa nani alikuwa na ulimi mchungu kuliko wote, nani alilia usiku akidhani wenzake wamelala.

Anime ya vijana imejengwa hivyo hivyo. Jarida lililochapisha nyingi ya hadithi hizi, Weekly Shonen Jump, linajulikana kwa maneno matatu: urafiki, juhudi, ushindi. Ushindi umewekwa mwisho. Jarida hilo lilianza 1968, mwaka ule ule ilipoundwa Gor Mahia... (makofi, filimbi) ...haya, haya, tulieni, nilijua nitalipia jambo hilo.

Na kwa kuwa mmemtaja Gor, tukumbuke kwamba kabla hajawa timu alikuwa mganga wa kule Kanyamwa, anayesimuliwa kuwa aliweza kujigeuza apendavyo, adui asijue amshike wapi. Msiniambie habari za kujigeuza zilitoka Tokyo.

Na Luanda Magere, yule shujaa wa Waluo? Mkuki ukimpiga unateleza kama umepiga mwamba. Adui wakachoka, wakampelekea binti amwoe. Siku moja akaugua, akamwambia mke wake asimchanje mwilini, achanje kivuli. Mke akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku huo huo akatoroka kwenda kuwaambia watu wake. Vita vilivyofuata hawakuhangaika na mwili, walichoma kivuli kwa mkuki. Pwani nako wana Fumo Liyongo, ambaye hakuna chuma kilichomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyekuja kumdunga ni mwanawe wa kumzaa. Alikufa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji kwa kudhani bado yu hai.

Angalieni ufundi wa hao wazee. Wangeweza kutupa mtu asiyeshindika, wakamaliza. Badala yake walimpa kila mmoja tundu moja dogo, wakatukalisha tukingoja lini litagunduliwa. Mashujaa wengi wa sinema tulizoletewa kutoka kwingine hawana tundu. Wanaingia na miwani ya jua, wanalipua jengo, wanatoka bila vumbi. Anime inampa mtu nguvu na kukuonyesha papo hapo zinamgharimu nini. Mbweha anayempa Naruto nguvu ndiye anayemfanya asiwe na rafiki. Mwanafunzi wangu wa dirishani alilielewa hilo kabla yangu, na zile alama tano nilimrudishia. Sikumrudishia mbele ya darasa, lakini.

Nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo la mfukoni linalonifurahisha kuliko yote. Tarehe 1 Januari 1963 runinga ya Japani ilianza kuonyesha Astro Boy ya Osamu Tezuka, mchoraji aliyesomea udaktari. Kila wiki kipindi kipya, na pesa hakuna. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Kuchora zote 24 ni kufilisika. Wakachora picha moja, wakaiacha ikae nafasi ya picha tatu, yaani michoro minane kwa sekunde. Penye mtu anayeongea, uso ukaganda na mdomo peke yake ukasogea. Mandhari ikateleza nyuma ya mtu aliyesimama. Mchoro wa wiki iliyopita ukarudishwa kazini wiki hii kama shati la shule.

Na umaskini huo ukazaa mtindo. Kwa kuwa mwili haukuweza kusogea sana, macho yalipaswa kusema, nadhani ndiyo sababu macho yale hayakupungua ukubwa. Ngumi ikagandishwa hewani, na wakati imeganda tukasikia mawazo ya mpigaji: anamkumbuka mama yake, anajuta, anaogopa. Ndiyo maana mechi moja ya mpira wa kikapu huweza kula vipindi kadhaa, na uwanja wa Captain Tsubasa, anime ya kandanda, hauishi, unakimbia mpaka unaona mduara wa dunia. Bibi yangu hakuwa na michoro minane kwa sekunde. Alikuwa na kibatari na sauti. Zimwi likifika mlangoni alinyamaza, akachokoa moto, akatuuliza kama tumefunga kuku. Sisi tulikuwa tunakufa pale! DJ Afro naye, huyu anayetutafsiria muvi za ngumi, anajua siri hiyo hiyo: picha ni ya watu wengine, lakini kinachokukalisha ni yule anayekuambia shujaa anawaza nini.

Sasa twende kwa Hayao Miyazaki, na hapa naomba muda. Filamu yake ya 2001, Spirited Away, ilipata Oscar 2003. Msichana wa miaka kumi, Chihiro, anajikuta akifanya kazi katika nyumba ya kuogea ya miungu na mizuka. Siku moja anaingia mgeni ananuka vibaya mno, rundo la tope linalotembea, chakula kinaoza anapopita. Wenye nyumba wanaziba pua, wanamsukumia mtoto huyu mgeni wao. Chihiro anamwogesha. Anaona kitu kama mwiba umemchoma ubavuni, anavuta, wanakuja wote kuvuta kamba: ni mpini wa baiskeli. Baiskeli inatoka, na nyuma yake takataka nyingi mno. Kumbe mgeni ni mto. Mto mkubwa, wenye heshima zake, uliotupiwa uchafu na watu. Miyazaki ameeleza kuwa aliwahi kushiriki kusafisha mto, na humo wakatoa baiskeli.

Mimi niliitazama hapa Kisumu, si mbali na Mto Kisat. Mnaufahamu Kisat. Nanyi mnafahamu yanayoingia ziwani, na magugu yanavyofunga maji hadi mashua za Dunga zinakwama kama zimeegeshwa. Nilivuta ile baiskeli pamoja nao.

Kisha nikamkumbuka yule ajuza wa Simbi Nyaima, kule karibu na Kendu Bay. Alifika kijijini usiku wa sherehe, mchafu, amechoka, wakamfukuza. Mama mmoja tu akampokea, akamwogesha, akampa chakula. Ajuza akamwambia aondoke na watu wake. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, na ziwa lile dogo lipo hadi leo. Hadithi mbili, mgeni mmoja anayenuka. Mjapani hajawahi kumsikia ajuza wetu, nasi tulikuwa tunaanza kumsahau. Mtoto wa Nyalenda anayempenda Chihiro hajaiacha hadithi ya nyumbani. Ameipata kwa jirani, kwa sababu sisi tulifunga duka.

Filamu ile ile ina garimoshi linalopita juu ya maji. Dakika kadhaa hakuna kinachotokea. Abiria wanashuka, taa zinapita, jua linazama. Wajapani huliita pengo la namna hiyo "ma". Kijana wangu, ambaye hawezi kukaa kimya kanisani, alikaa kimya.

Nimeona mikono. Mama pale nyuma ameuliza kama hizi mbweha na mizuka si mashetani. Mama, swali ni zuri na nimeulizwa kanisani pia. Huko Japani mbweha ni mjumbe wa Inari, mungu wa mpunga, na pia ni mjanja wa hadithi, kama sungura wetu. Sisi tulilelewa na Apul Apul, zimwi la hadithi za Waluo, kwetu Bungoma na amanani wanaokula watu, pwani na mazimwi. Hakuna aliyesema bibi anafuga mashetani. Ila nikubaliane nawe jambo moja: si kila anime ni ya mtoto. Attack on Titan ina majitu yanayotafuna watu, na ziko nyingine ambazo wasichana wamevalishwa namna ambayo mimi mwenyewe nazima. Mwenye kudhani kila kilichochorwa ni cha watoto atakuja kushtuka.

Na wewe mzee, mwenye koti, unauliza uanzie wapi. Anza na hiyo ya mtoto wa bafu. Vijana hawa watakushawishi uanze na vipindi 720, usikubali, una ng'ombe wa kukamua. Kuna nyingine ya Isao Takahata ya 1988, juu ya kaka na dada yake mdogo huko Kobe mwaka 1945, mabomu yanaanguka na chakula hakuna, na mtoto ana mkebe wa peremende. Hakuna jitu, hakuna nguvu, hakuna mtu anayeruka. Hiyo usianze nayo. Mimi niliitazama Jumapili usiku, na Jumatatu asubuhi nilikuwa na somo la kwanza.

Sasa nipeni hiyo soda.