Kufunga ubao wa sumaku wa visu kwenye ukuta wa tailizi

Haya jamani, karibuni jikoni kwa mama, hapa Tanga. Leo tunafunga ubao wa sumaku wa kuwekea visu. Kabla sijashika drili, mdogo wangu, lete kamera hapa kwenye droo. Sogea. Sogea zaidi. Mnaona? Upawa, mwiko, kifungulio cha chupa, kisu cha nyama, kisu cha vitunguu, vyote vimelaliana humo humo.

Angalieni makali ya hiki nikikielekeza dirishani. Kuna vidoa vinavyong'aa: hapa, hapa, na hapa karibu na ncha. Makali mazima hayang'ai, ni membamba mno kurudisha mwanga. Ukiona kinametameta, basi pale makali yamejikunja au yamemeguka, na aliyeyamegua ni huyo upawa. Mwezi wa Ramadhani umeme ulikatika, mama akaingiza mkono humu kupapasa kijiko cha uji. Alishonwa nyuzi tatu. Mimi napika shughuli, visu ndiyo mikono yangu, na tangu siku ile droo hii sitaki hata kuiona.

Huu ndio ubao wenyewe. Ni mninga, urefu sentimita 45, ndani una sumaku za neodimiamu, zile ndogo zenye nguvu sana. Ninauza, sifichi: seremala anachonga, mimi napanga sumaku. Lakini hata ukinunua kwingine, kagua vitu viwili. Kwanza pitisha kisu taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa ubao. Ukisikia kinavutwa, kinaachiwa, kinavutwa tena, sumaku zimeachana mno, na pale katikati kisu kitateleza. Pili, mbao iliyo juu ya sumaku iwe nyembamba, maana sumaku huishiwa nguvu haraka sana ukiisogeza mbali. Milimita moja tu unaisikia mkononi. Zipo za chuma kitupu pia na zinashika vizuri, ila mimi napenda mbao, kwa sababu kisu kikigusa mbao hakiumii.

Je, kila kisu kitashika? Chukua sumaku ya spika mbovu, ijaribu. Vile visu vyeupe vya kauri havishiki kabisa. Vya stenlesi vingi vinashika vizuri, na najua mtu ataniuliza mbona sufuria yake ya stenlesi haishiki. Ni stenlesi tofauti, mpenzi. Chuma cha kisu ni kile kigumu kinachokubali kunolewa, na hicho sumaku inakipenda.

Mahali. Si juu ya jiko la gesi. Mafuta yataugandia, na hizi sumaku za kawaida za neodimiamu zikipata joto la nyuzi 80 kwenda juu zinaanza kupoteza nguvu, na hata zikipoa nguvu ile hairudi. Si juu ya sinki, kwa sababu hapo ndipo mikono yenye sabuni inapohangaika. Si nyuma ya mlango. Mimi naweka juu ya meza ya kukatia, pembeni kidogo, kimo cha macho yangu, ambacho kutoka sakafuni ni kama sentimita 150. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwenye hili mniwie radhi, wahenga, mimi simpi. Na lile stuli mlionalo pale linahama leo hii hii.

Kitu kingine: usitoboe wima juu ya soketi wala wima chini yake. Waya huwa unapanda au unashuka hapo hapo. Na bomba la sinki linapopita, hivyo hivyo.

Weka alama mbili kwa penseli. Kwanza bandika selotepu ya karatasi kwenye tailizi, ndipo uchore msalaba juu yake, ili biti, ile ncha ya drili inayotoboa, isiteleze. Pima tundu la nyuma ya ubao hadi tundu la pili. Hapa ni sentimita 38. Hamisha ukutani, weka pimamaji... Hee. Subiri. Mdogo wangu, mnaona povu linakimbilia kulia? Mimi nilifuata mstari wa tailizi, kumbe fundi aliyezipanga alizipandisha kidogo upande huu. Ukifuata mstari, ubao utakuwa sawa na tailizi lakini umeinama. Ukifuata pimamaji utakuwa umenyooka lakini macho yataona tailizi zimepinda. Mimi hapa nachagua tailizi, ni milimita mbili tu na visu haviviringiki. Mama mwenyewe amekubali.

Sasa tulieni, hapa ndipo penyewe. Drili ina kitufe hiki chenye picha mbili: biti, yaani izunguke tu, na nyundo, yaani igonge huku ikizunguka. Kwenye tailizi USIWASHE NYUNDO. Narudia: usiwashe nyundo. Niliwahi kufunga ubao kwa mteja, nikatoboa na nyundo ikiwa imewashwa, nikasikia "ta!" na ufa ukakimbia kutoka kwenye tundu hadi kona ya tailizi. Tailizi ya rangi ile haikupatikana tena madukani, nikanunua nyingine na ukuta wa watu umebaki na kiraka. Kwa hiyo kitufe kiwe kwenye picha ya biti.

Biti yenyewe ni ya tailizi, ile yenye ncha kama mkuki, milimita 6. Vaa miwani. Naanza polepole, nabonyeza kidogo tu...

Zima. Zima, ngoja. Rudi hapa na kamera. Mnaona kitufe kiko wapi? Kiko kwenye nyundo. Jana drili ilitumika kwenye ukuta wa tofali nje, hakuna aliyekirudisha. Nimeongea dakika nzima na mkono haujaangalia. Bora imetokea mbele yenu. Angalia kitufe kwa jicho, usikumbuke kwa kichwa. Nakirudisha. Mnaona? Picha ya biti. Sasa twende.

Polepole. Kila sekunde kumi natoa biti, naigusisha kwenye kitambaa kibichi ipoe. Tazameni vumbi. Linatoka la rangi ya udongo, huo ni mwili wa tailizi. Bado... bado... haya, sasa vumbi limebadilika, ni la kijivu. Hiyo ni sementi, tailizi imeshapitwa. Hapo, na si kabla ya hapo, ndipo unaruhusiwa kubadili biti ya sementi na kuwasha nyundo. Nimebandika selotepu kwenye biti kuonyesha kina. Ikigusa ukuta, nasimama.

Tundu la pili ni yale yale. Ila kitufe! Tayari nilikuwa nimekiacha kwenye nyundo. Rudisha kwenye biti, ndipo uguse tailizi ya pili.

Puliza vumbi lote, fumba macho. Ingiza fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu, ugonge taratibu, kisha ukisukume kwa msumari kizame milimita chache nyuma ya uso wa tailizi. Hili wengi hawalijui. Skrubu ikiingia, fisha inatanuka, na ikitanukia ndani ya tailizi inaipasua, hata kama ulitoboa vizuri namna gani. Itanukie kwenye sementi.

Skrubu, ubao, kaza kwa bisibisi ya mkono, basi. Ile gundi ya pande mbili inayokuja na baadhi ya mbao hizi za sumaku iache. Jiko lina mvuke na mafuta, siku moja utasikia visu vyote vimeshuka usiku. Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki matundu, funga ubao kwa skrubu ubavuni mwa kabati lako la mbao.

Kujaribu: tandika taulo chini, weka kisu kizito kuliko vyote, sukuma mpini chini kwa kidole kimoja. Hiki hakiendi. Vizuri.

Sasa kuweka kisu, maana ubao mzuri unaweza kuua makali kuliko droo ukikosea hapa. Usikipeleke bapa. Sumaku itakinyakua mkononi na makali yatabamiza. Sikilizeni nikikosea, natumia kisu cha zamani: "ta!" Mmesikia? Hiyo sauti hatuitaki humu ndani.

Mpini uwe chini. Gusisha kwanza mgongo wa kisu, ule upande mnene usiokata. Ukishagusa, laza kisu polepole kama unayefunga kitabu, hadi ubavu ulale kwenye mbao. Kimya. Kutoa ni kinyume chake: shika mpini, zungusha makali yaondoke kwanza, mgongo ukiwa bado umegusa, ndipo uvute. Usikiburuze kando, kinakwaruza mbao na makali yanapita humo humo.

Sehemu pana karibu na mpini ndiyo ikae kwenye sumaku. Makali yote yaelekee upande mmoja, na kati ya kisu na kisu pawe na nafasi ya vidole vitatu. Mkono wako uingie bila kuomba ruhusa kwa jirani.

Na kikauke kwanza. Huku pwani hewa ina chumvi, kisu cha chuma cheusi, kile kisicho stenlesi, ukikiweka kibichi jioni, asubuhi kina kutu pale pale kilipogusa mbao. Futa mgongo, futa makali kwa kuelekea nje, ndipo uweke. Mimi hivyo vyeusi navipaka na tone la mafuta ya kula.

Mama, njoo sasa. Chukua kile cha vitunguu. Mpini... zungusha... eeh. Sasa rudisha. Mgongo kwanza, mama. Mgongo.

Mmesikia chochote?

Hakuna. Mara ya kwanza tu, na hakuna. Mama anacheka. Anasema hicho cha vitunguu kikae mwisho kabisa kushoto, karibu na dirisha, na mtu asikihamishe.