Ukihamia Tanga, Anza na Chumba Ngamiani

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Nimeombwa nizungumze nanyi mliohamia Tanga, walimu, wauguzi, watu wa bandari na nyinyi mliofuata kazi za bomba la mafuta, juu ya jambo ambalo barua ya uhamisho haiandiki: mtu akae mtaa gani. Msimamo wangu nitautoa mapema ili anayetaka kubishana ajiandae. Mgeni wa Tanga asikimbilie nyumba ya kudumu. Apange chumba na sebule Ngamiani, masika yamkute hapo na kumpitia, ndipo aanze kuchagua.

Naona mnatazamana. Najua dalali ameshampeleka mtu Raskazone, kule ufukweni, akamwonyesha nyumba ya peke yake yenye ua mpana, upepo wa bahari na mwembe juu. Tutafika huko.

Kwanza ondoeni hesabu za Dar es Salaam. Kule mtu huchagua mtaa kwa kuogopa foleni. Tanga ni jiji tangu 2005, na watu wameongezeka kweli, kutoka 273,332 kwa sensa ya 2012 hadi zaidi ya 390,000 kwa ile ya 2022, lakini ukitoka Ngamiani kwenda mjini unakwenda kwa miguu, na mwenye baiskeli anafika kabla hujamaliza kufunga viatu. Kwa wengi wenu umbali si hoja. Hoja ni maji ya mvua, mita ya umeme na majirani, na haya matatu hayaonekani siku unayopelekwa kuangalia nyumba.

Sasa kwa nini Ngamiani? Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa mwaka 1893, na mpaka leo reli hiyo ndiyo inayogawa mji. Upande wa bahari kuna bandari, ofisi na hospitali ya Bombo. Upande wa pili ndiko Ngamiani, mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, barabara zikiitwa kwa namba. Mgeni hapotei. Ukimwambia wa bajaji "barabara ya nane", mmeelewana. Tena huu ni mtaa uliozoea wageni: mashamba ya mkonge yalileta watu wa makabila mengi mkoa huu, na wengi wao, au watoto wao, waliishia kuweka makazi mjini. Hakuna atakayekushangaa kwa lafudhi yako.

Lakini faida kubwa iko ndani ya nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili mnaijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani kuna jiko, choo na bomba, mbele kuna baraza. Kwenye baraza ile ndiko utakakosikia mambo ambayo dalali hayasemi. Mtaa gani maji yakikatika hukatika wiki. Shule gani mwalimu wa hesabu anaingia darasani. Mwenye nyumba gani akiona umepaka rangi, anapandisha kodi. Jirani wa chumba cha pili atakueleza yote haya kabla hujauliza, na mengine ambayo hukutaka kuyajua.

Sisemi ni peponi. Choo ni cha foleni. Kuna joto, kuna redio ya mtu, kuna ngoma ya harusi mpaka usiku. Na kuna ugomvi wa LUKU, ambao umevunja urafiki mwingi kuliko fedha za mkopo. Mita moja, wapangaji sita, mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa moja na simu ya kuchaji, halafu mwisho wa mwezi wanatakiwa wachange sawasawa. Ulizeni mapema: mita ni ya chumba au ya nyumba nzima? Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Kodi ile ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mkubaliane atakurudishia vipi, na muandike. Ukiona haya kuuliza sasa, utanuna kila mwezi.

Tuje kwenye mvua. Masika yetu ni Machi mpaka Mei, na Mei ndiyo inayojua kunyesha. Nyumba inayoonyeshwa Januari ni bibi harusi, kila kitu kimepambwa. Tazama chini ya ukuta: rangi mpya imeishia usawa wa goti tu? Kuna mtu anaficha alama ya maji. Tazama majirani: wamejenga kizingiti cha matofali mlangoni? Hawakukijenga kwa urembo. Na nendeni kwa miguu, si kwa bodaboda, kwa sababu bodaboda anajua vichochoro vya kukwepa dimbwi, atakupitisha pakavu na wewe utadhani mtaa mzima ni mkavu.

Haya, Raskazone. Ni pazuri, sitaki kuwavunjia heshima wenyeji wa huko, na kwa muuguzi wa zamu za usiku pale Bombo naweza kubadili msimamo wangu, maana kutembea kwenda kazini usiku ni bora kuliko kutafuta usafiri. Kwa wengine, jueni kwamba upepo ule ule unaousifia umebeba chumvi. Chumvi inakula bati, inakula nondo, inakula friji kwa nyuma. Nyumba kubwa ya zamani ufukweni inataka fundi kila msimu, na mkataba usiposema fundi analipwa na nani, analipwa na wewe.

Wanaokwenda kazini Pongwe, kiwandani kwa saruji, wana haki ya kufikiria Kange: iko njia hiyo hiyo ya Muheza, na nyumba nyingi ni mpya. Ila msipange mkabala na stendi kuu, kama hampendi kuamshwa na honi za mabasi ya alfajiri.

Wa Chongoleani ndio ninaowahurumia. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia kule, na kwenye ramani kule kunaonekana kama ng'ambo tu ya maji. Lakini gari haliogelei. Unazunguka kupitia njia ya Horohoro na Mabokweni. Kwa hiyo wao, wakimaliza Ngamiani, watafute makazi upande ule wa kaskazini, wasidanganywe na mtu anayewaonyesha Chongoleani kwa kidole kutoka ufukweni.

Na wapo wanaotaka kununua kabisa. Viwanja vya ufukweni hutangazwa kwa bei ya kushawishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka baharini, na kuna watu wanauziwa humo humo ndani ya mita hizo. Kabla ya fedha, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha idara ya ardhi ya jiji, uone kama kiwanja kimepimwa na kina mgogoro gani. Mwenyekiti wa mtaa utamhitaji hata kwa barua ya utambulisho, basi mjue mapema.

Dada pale nyuma ameuliza: ana watoto watatu, shule zinafunguliwa Januari, hawezi kungoja masika wala kuwalaza watoto chumba kimoja. Sawa, dada yangu. Wewe njoo Novemba, vuli ikiwa inanyesha, ufikie kwa ndugu au gesti. Kukinyesha usiku, amka asubuhi utembee njia ya watoto kutoka nyumba hiyo mpaka shuleni, wakati wanafunzi wenyewe wanakwenda. Ukiwaona wamevua viatu, wanaruka mawe, tafuta nyumba nyingine. Na mwenye nyumba akidai kodi ya mwaka mzima, mwambie unayo ya miezi mitatu. Akikataa, ya miezi sita, usivuke hapo, mpaka Mei ipite ukiwa ndani.