Refa wa Mechi za Shule na Saa Moja Kabla ya Kipyenga

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi Rehema, na mwenzangu Mwalimu Baraka, anayefundisha asubuhi na kupuliza kipyenga jioni. Shikamoo Mwalimu.

BARAKA: Marahaba dada Rehema.

REHEMA: Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, ukifika, tunamwona refa anaingia saa kumi na mpira kwapani, tunadhani ndiyo anaanza kazi.

BARAKA: Kama anaanza hapo, kachelewa. Mechi ya saa kumi, mimi saa tisa nipo, na naanza na magoli. Nashika mlingoti, nautikisa. Sheria ya kwanza kabisa kati ya zile 17 za soka inataka goli likazwe ardhini, hata lile la kuhamishika. Goli la chuma lisilofungwa, mtoto akining'inia kwenye mtambaa panya linamwangukia. Wapo watoto waliokufa hivyo, na nchi si moja.

REHEMA: Ila shule nyingi vijijini goli ni miti mitatu.

BARAKA: Ya miti napitisha kiganja taratibu, chini hadi ninapofika, mbele na nyuma. Natafuta misumari. Watu wanagongelea misumari wafunge wavu, mwaka unapita, wavu unaisha, msumari unabaki umechomoza usawa wa jicho la mtoto wa darasa la tano. Ndiyo maana kwenye begi langu kuna nyundo. Halafu natembea goli hadi goli: chupa, mawe, visiki, mashimo.

REHEMA: Na ukikuta hapachezeki, mgeni rasmi keshakaa chini ya turubai?

BARAKA: Hatuchezi mpaka parekebishwe. Sheria imempa refa kauli hiyo, mgeni rasmi atasubiri.

REHEMA: Twende kwenye viatu. Shule moja imekuja na njumu, nyingine peku.

BARAKA: Hilo linaniumiza kichwa kuliko yote. Sheria ya 4 inataka viatu, soksi, vikinga ugoko. Ukikaza hivyo kwenye mechi za msingi kijijini, hakuna mechi itakayochezwa. Kwa hiyo nawaita walimu wa michezo wote wawili, mapema, tukubaliane: wote peku, au wote raba. Njumu kukanyaga kidole kitupu, sikubali. Kuna marefa wenzangu wanasema naionea timu iliyojiandaa. Nawaelewa. Lakini yule mtoto hakuchagua kuja peku.

REHEMA: Mimi niko upande wako. Na mabinti?

BARAKA: Hereni, bangili, shanga, mkufu, vyote vinavuliwa. Kuziba hereni kwa plasta hakuruhusiwi, ingawa hakuna msimu hawaji nayo. Hijabu ruksa, sheria inaikubali tangu 2014: iwe nyeusi au rangi ya jezi, isiunganishwe na jezi. Ninachokitafuta mimi ni pini. Wawili wakirukia mpira wa kichwa, ile pini inaweza kumchoma yeyote kati yao. Na refa akiwa mwanaume, amwombe mwalimu wa kike afanye ukaguzi huo.

REHEMA: Hilo marefa wote wangelishika. Binti akiona aibu ataificha pini ndani, na hapo ukaguzi umekuwa bure.

BARAKA: Kabisa.

REHEMA: Na mamluki, Mwalimu, wale wachezaji wasiostahili kuichezea shule? Kila mwaka kelele.

BARAKA: Mamluki ni kesi ya kamati. Mimi napokea orodha, nahesabu, nalinganisha majina na namba za jezi, basi. Refa akianza kumhoji mtoto umri wake mbele ya wenzake, anamdhalilisha. Mwalimu mwenye malalamiko ayaandike.

REHEMA: Washika vibendera mnawapata wapi?

BARAKA: Waliosomea ni wachache. Mara nyingi nachukua kijana mmoja kila shule, nampa kazi moja tu: mpira wote ukivuka mstari, nyanyua. Kuotea niachie mimi. Ukimpa mtoto aamue kuotea dhidi ya shule yake, kesho darasani atasemwa.

REHEMA: Mfukoni una nini?

BARAKA: Vipyenga viwili, saa mbili, kadi, kalamu, shilingi. Hivyo havina maneno. La muhimu ni kuuliza kabla: nani ana sanduku la huduma ya kwanza, na gari la kumkimbiza mtoto zahanati liko wapi? Kama hakuna gari, bodaboda gani inasubiri? Halafu nawaambia makocha mapema kwamba mtoto akigongwa kichwa akaanza kuyumba, anatoka na harudi leo, hata kama ndiye mfungaji wao. Ukisubiri kulisema mechi ikiwa imechacha, hakuna atakayekusikiliza.

REHEMA: Tunamalizia na kurusha shilingi.

BARAKA: Tangu 2019 anayeshinda ana hiari: achague goli la kushambulia, au aanzishe mpira. Makapteni wengi wa shule hawalijui hilo. Wanakimbilia kusema "mpira!", halafu kipa wao anakaa kipindi kizima jua likimpiga usoni. Kwa hiyo nawaeleza wote wawili pamoja, polepole, nawaonyesha jua liko wapi na upepo unatoka wapi. Wakishaelewa, ndiyo narusha.

REHEMA: Makapteni mmesikia. Wiki ijayo tunaendelea na kuotea, tutumieni maswali yenu mapema.