Sally Draper: Binti Aliyebebeshwa Nyumba

ZUHURA: Wasikilizaji, karibuni. Leo ni zamu ya Sally Draper wa Mad Men, tamthilia ya Marekani iliyorushwa na AMC kuanzia 2007 hadi 2015. Watu wakiitaja huanza na baba yake, Don, bingwa wa matangazo ya biashara. Mimi namtaka binti.

BARAKA: Na anastahili, dada. Kiernan Shipka alianza kumwigiza akiwa mdogo kabisa, akakulia humo humo. Tulimwona akirefuka msimu hadi msimu.

ZUHURA: Kumbuka msimu wa 3, mwaka 1963, babu yake Gene alipofariki. Yule babu ndiye aliyemsikiliza, akamwachia hata usukani wa gari. Wakubwa wamekaa mezani, mmoja anachomekea utani, wanacheka. Sally anawafokea: babu amekufa na hakuna anayejali! Mama yake, Betty, anamwambia akatazame televisheni.

BARAKA: Na kwenye televisheni kuna habari ya mtawa wa Kibudha aliyejichoma moto Vietnam. Mtoto yuko sakafuni peke yake, anatazama. Wakubwa wanabaki jikoni.

ZUHURA: Ndiyo maana sikubali anapoitwa mtoto mtukutu. Alikuwa anasema kweli katika nyumba ambayo kila mtu anaficha jambo.

BARAKA: Akapigwa kwa hilo pia. Wazazi wameshaachana, anajikata nywele akiwa kwa baba, akirudi kwa mama anapokelewa na kofi. Baadaye anapanda treni peke yake mpaka ofisini kwa Don, New York. Anapofuatwa anagoma, anakimbia kwenye korido, anaanguka kifudifudi.

ZUHURA: Na anayemwinua ni Megan, mfanyakazi wa pale ofisini! Baba yupo, mama yupo.

BARAKA: Mimi kilichonivunja ni msimu wa 6, alipomfumania baba yake na mke wa jirani. Don anakuja mlangoni kwake, anamwambia alikuwa anamliwaza tu yule mama. Anamdanganya mtoto aliyeona kwa macho yake mwenyewe. Haikuchukua muda Sally akataka shule ya bweni.

ZUHURA: Hapo ndipo alipoacha kuwategemea. Sasa njoo mwishoni, 1970. Betty ana saratani ya mapafu na amekataa matibabu. Henry, baba wa kambo, anakwenda bwenini kumpa Sally habari, anataka akamshawishi mama yake. Kisha anaketi kitandani mwa binti, analia.

BARAKA: Na Sally, ambaye ndiyo kwanza amesikia, ndiye anayembembeleza. Ananyoosha mkono taratibu, hajui hata amguse wapi. Zuhura, mtu mzima hapaswi kumfanyia mtoto hivyo.

ZUHURA: Henry namhurumia. Alikuwa anampenda mkewe kweli.

BARAKA: Namhurumia pia, lakini angelilia kwenye gari.

ZUHURA: Haya. Ila tazama ule ubishi wa Sally unavyokuja kufanya kazi. Don anapiga simu akiwa mbali, anataka kurudi awachukue watoto. Sally anamkatalia: wadogo zake wabaki na Henry, kwenye nyumba na shule waliyoizoea. Amelifikiria kuliko baba. Mtoto mpole asingethubutu.

BARAKA: Ndiyo, na hata Betty anakiri kwenye barua yake. Aliogopa kwa sababu bintiye hufuata njia yake mwenyewe, sasa ameona kwamba ni jambo jema. Lakini barua hiyo hiyo inampa maagizo ya mazishi, mpaka gauni la kuvalishwa marehemu! Kisha safari ya Madrid aliyokuwa ameipanga Sally inafutwa, anarudi nyumbani kumfundisha mdogo wake Bobby kupika.

ZUHURA: Alichagua mwenyewe.

BARAKA: Alichagua kwa sababu wakubwa wote walikuwa wameachia. Nisingependa tumpigie makofi kwa hilo.

ZUHURA: Mimi nampigia yeye, kaka. Hao wengine siwapigii.